Gurudumu, khanga au jenereta? Njia tatu za kupanga rangi, zimepimwa kwa bango moja la visheti

Bango la kwanza nililomtengenezea shangazi muuza visheti wa Makorora, hapa Tanga, lilikuwa na maandishi mekundu juu ya kijani. Nilijiona fundi. Nyekundu na kijani zinatazamana kwenye gurudumu la rangi, na kila anayefundisha mambo haya atakwambia kwamba rangi zinazotazamana huchangamshana. Tukalifunga turubai juu ya mlango, mita mbili kwa moja, kamba nne. Shangazi akavuka barabara akalitazame kwa mbali. Akasimama pale zinapoegeshwa bajaji, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Akarudi.

"Mwanangu, bango zuri. Ila linasemaje?"

Shangazi si ndugu yangu. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Na haki ilikuwa yake. Ukisimama ng'ambo ya barabara, yale maandishi yalikuwa yanatetemeka tu, kama hewa juu ya lami saa saba mchana. Niliporudi nyumbani nikayapima kwa kikokotoo cha utofauti wa mwanga: nyekundu kamili (#FF0000, ndiyo namba yake kwenye kompyuta) juu ya kijani (#008000) inatoa uwiano wa 1.28 kwa 1. Ukipata 1 kwa 1, rangi zako mbili zina mwanga sawasawa, yaani umeandika hewani. Viwango vya WCAG, vinavyofuatwa kwenye kurasa za intaneti, vinataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa maandishi makubwa. Mimi nilikuwa na 1.28, na turubai limeshalipiwa.

Turubai la pili nililipia mwenyewe. Safari hii, kabla ya kwenda kuprinti, kazi ile ile niliipangia rangi kwa njia tatu, yaani gurudumu la rangi, khanga, na jenereta (programu inayokutungia rangi), nikaziweka kando kwa kando. Nayaandika haya kwa anayeanza kazi ya mabango, flaya na stika, asiyejua ashike njia ipi. Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu tatu: bango la nje, menyu ya kutuma kwa WhatsApp, na stika za kubandika kwenye zile ndoo ndogo za visheti na kaimati.

Gurudumu

Hii ndiyo njia ya darasani. Isaac Newton aliuvunja mwanga wa jua kwa kioo cha pembetatu, na katika kitabu chake cha mwaka 1704 akazikunja rangi za upinde hadi ncha zikakutana, likawa duara. Tangu hapo duara hilo limetungiwa kanuni nyingi. Chukua rangi mbili zinazotazamana ili zichangamshane. Chukua zinazopakana, mfano njano, chungwa na nyekundu, ili zitulie. Chukua tatu zilizoachana sawa. Au baki na moja tu, uiongeze na kuipunguza mwanga hadi upate ukoo mzima.

Ukishalizoea gurudumu, mteja akikwambia "hii bluu imepoa mno" unajua usogee upande gani. Halitaki umeme wala bando.

Ila ujue magurudumu yenyewe ni mawili. Watu wa brashi wanaanza na nyekundu, njano na bluu, na kwao kinyume cha nyekundu ni kijani. Simu na kompyuta zinaanza na nyekundu, kijani na bluu za mwanga, na huko kinyume cha nyekundu ni siani, ile samawati ya wino wa printa. Kijana aliyejifunza kwa mchora vibao wa Ngamiani na mwenzake aliyejifunza kwenye Canva, programu ya kubunia kwenye simu na kompyuta, wanaweza kubishana hadi magharibi, na wote wawili wako sahihi.

Kilichoniunguza mimi kilikuwa kingine. Gurudumu linajua rangi inaitwaje, halijui ina mwanga kiasi gani. Njano kamili na bluu kamili zimekaa umbali mmoja kutoka katikati, lakini kwa jicho njano ni jirani wa nyeupe na bluu ni jirani wa nyeusi. Maandishi meupe juu ya njano kamili yanapata 1.07, maandishi meupe juu ya bluu kamili yanapita 8.5. Gurudumu halikuambii hilo. Na wapo watu, wengi wao wanaume kwa kuwa jambo lenyewe hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ambao macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani. Kwao bango langu lilikuwa turubai tupu.

Lipo somo moja, hata hivyo, ambalo ni watu wa gurudumu waliotuachia. Mwaka 1824 mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliwekwa kusimamia rangi kwenye kiwanda cha Gobelins kule Paris, wanakofuma picha kwa nyuzi. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinapwaya zikikaa karibu na bluu. Chevreul akazichunguza, akakuta weusi hauna kasoro. Ubaya ulikuwa wa jirani. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka 1839, na mimi hukikumbuka kila mteja anapofoka kwamba nimembadilishia rangi ya nembo nami sijaigusa. Kijivu kile kile ukikiweka juu ya nyekundu kinaelekea ukijani. Juu ya kijani kinaelekea wekundu. Kabla hujabishana na mteja, tazama nembo yake umeikalisha juu ya nini.

Kwa shangazi, gurudumu lilinipa zambarau na njano. Zilisomeka vizuri kabisa, maana moja ni nzito na nyingine nyepesi. Ila hazikunikumbusha kitu cha kula hata kimoja.

Khanga, na picha kwa jumla

Njia ya pili ni kuazima rangi kwa kitu kilichopo. Tanga hatuna njaa ya vya kuazima. Simama ukingoni mwa shamba la mkonge: majani ni kijani chenye ujivu, nyuzi zilizoanikwa ni rangi ya maziwa, na njia ya trekta ni udongo mwekundu. Richard Hindorf aliuleta mkonge mwaka 1893, na paleti hiyo, yaani seti ya rangi zinazokwenda pamoja, imekuwa mlangoni petu tangu hapo. Ukienda Deep Sea alfajiri wakati boti zinashusha samaki utapata nyingine, bluu iliyoliwa na chumvi na chungwa la madumu na maboya.

Lakini kama ningeruhusiwa kuazima kwa kitu kimoja tu, ningeazima kwa khanga. Picha ya bahari ina rangi maelfu, na haisemi ipi iwe kubwa na ipi iwe ndogo. Khanga imeshakuamulia. Mji umekaa katikati, pindo limeuzunguka, jina lina kisanduku chake kwa chini. Wabunifu wana kanuni yao wanaiita 60-30-10: asilimia 60 ya eneo ni rangi ya uwanja, 30 ni rangi ya kuunga, 10 ni ya kukoleza. Mama zetu wanajifunga kanuni hiyo kiunoni kila siku wala hawajaipa namba. Tena khanga huchapwa kwa rangi chache, kwa sababu kila rangi inayoongezwa ni kazi na gharama nyingine, kwa hiyo aliyeichora alilazimika kuchagua. Na jina lisiposomeka, nani atamnunulia nani khanga ya kumpa ujumbe?

Itazame kisutu, ile ya harusi: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Sasa zitafute rangi hizo kwenye lugha. Ndizo tatu pekee ambazo Kiswahili kimezipa vivumishi vyake vyenyewe vinavyofuata ngeli: nguo nyeupe, kitambaa cheusi, ukuta mwekundu. Zilizobaki tumeziazimia majina kwa vitu, kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, zambarau kwa tunda, manjano kwa kiungo cha mchuzi, kahawia kwa kahawa. Kwanza mwanga, kisha giza, halafu moja ya kuwasha. Siku hizi hivyo ndivyo ninavyopanga kazi yoyote: natafuta weupe wangu, natafuta weusi wangu, ndipo nachagua "wekundu", hata kama wekundu wenyewe ni chungwa au samawati.

Nikamwomba mama doti yake moja, nikaitandaza kitandani karibu na dirisha. Mji wa rangi ya maziwa, pindo la damu ya mzee, na vikorosho vya manjano. Picha niliipiga saa tatu asubuhi, taa zimezimwa, maana balbu ya njano hugeuza maziwa kuwa siagi, na simu nayo hujaribu kusahihisha kwa akili zake. Kisha nikaikuza kwenye kompyuta na kuchukua sampuli za rangi. Hapa wengi wanakosea: wanagusa mara moja na kuondoka. Kitambaa kina mikunjo. Damu ya mzee iliyokuwa ndani ya mkunjo ilisoma karibu nyeusi, na ile iliyopigwa na mwanga wa dirisha ilielekea waridi. Niligusa sehemu tano, nikachukua ya katikati, #6B1420. Maziwa yakawa #FFF6E5, manjano #F2B233.

Nikapima. Damu ya mzee juu ya maziwa, 11 na kidogo. Manjano juu ya damu ya mzee, zaidi ya 6. Manjano juu ya maziwa, hata 2 haifiki. Maana yake manjano isiandikiwe bei wala namba ya simu kwenye uwanja wa maziwa, itapotea. Nikairudia khanga kwa macho. Vikorosho vyote vya manjano vilikuwa ndani ya pindo, juu ya giza. Hakuna hata kimoja kilichokanyaga mji.

Ubaya wa njia hii ni muda. Ilinichukua nusu siku, ukihesabu na maelezo niliyompa mama kwa nini khanga yake imelala chini ya dirisha. Khanga iliyofuliwa miaka nayo si ile ya dukani, kwa hiyo amua mapema unaitaka ipi kati ya hizo mbili (iliyofuliwa mara nyingi huwa imetulia zaidi, mimi naipenda). Na rangi azima, lakini mchoro ni jasho la mtu. Usiunakili.

Jenereta

Hapa hakuna cha kueleza sana. Kwenye tovuti ya Coolors unabonyeza kitufe cha nafasi, zinashuka rangi tano. Unayoipenda unaifunga, unabonyeza tena, nyingine zinabadilika kuifuata. Adobe Color, wale wa zamani waliijua kwa jina la Kuler, ina gurudumu ndani yake na inanyonya rangi kwenye picha pia. Ndani ya dakika tatu nilikuwa na paleti kumi za shangazi, kila moja na namba zake tayari, na vipimo vya utofauti vipo humo humo kwa anayekumbuka kuvibonyeza. Kazi inayotakiwa kesho asubuhi sitakutuma ukatandaze khanga.

Ila rangi unazoziona pale ni mwanga unaotoka kwenye kioo. Printa inapiga wino wa siani, majenta (pinki iliyokolea), njano na nyeusi, na zipo rangi za skrini ambazo wino huo hauzifikii: kijani kinachowaka, samawati ya umeme, chungwa la moto. Niliwahi kupeleka samawati iliyokuwa inang'aa kwenye simu, ikarudi kama shati la sare lililomaliza mihula mitatu. Kwa hiyo paleti ya jenereta usimwonyeshe mteja kwenye simu akaikubali. Printi kipande cha karatasi kwanza, aikubali pale.

La pili ni kwamba jenereta haijui mtaa. Ilinipa kijani na njano, mchanganyiko mtamu, unasomeka, unapendeza. Kwetu hiyo ni Yanga. Pia ni CCM. Nyekundu na nyeupe nayo ni Simba, hata uchore maua gani juu yake. Kinyozi ukimwekea kijani na njano atajibu maswali ya mpira hadi afunge duka. Huenda anataka hivyo, lakini awe amechagua mwenyewe. Kama hataki, kijani kipunguze ukali kielekee kwenye ujivu wa mkonge, na njano iwe maziwa. Macho yanapata utulivu ule ule na hakuna anayeuliza mechi imeishaje.

Jua, ukuta, simu

Kinachoamua njia, kuliko ladha yako, ni mahali kazi itakapokaa.

Kazi ya nje ndiyo ngumu. Tazama mabango ya zamani ya saluni, yale yaliyobandikwa ukutani miaka mingi. Nyuso za wale mabinti zote zimekuwa za bluu. Hawakuchapwa hivyo. Majenta na njano huvunjwa na jua mapema, siani na nyeusi hubaki, kwa hiyo bango likizeeka linaelekea bluu. Hapa kwetu turubai likielekea magharibi halina mwezi wa kupumzika. Basi maana ya bango la nje usiitundike kwenye wekundu peke yake. Ukiandika PUNGUZO kwa nyekundu juu ya pinki, ipo siku litabaki pinki juu ya pinki. Na ukitaka kiza cha kudumu, mwambie anayeprinti aweke wino mweusi wa kutosha ndani ya damu ya mzee yako, asiijenge kwa majenta na njano tu.

Ukuta wa duka ni habari nyingine. Hapo gurudumu na jenereta viweke kando, uende na kile kitabu cha kadi cha duka la rangi, kwa sababu unachagua kitu ambacho fundi anaweza kukichanganya kweli. Tahadhari moja: kadi ni ndogo kama kisanduku cha kiberiti, na rangi ikitanda ukuta mzima huonekana imekolea kuliko kwenye kadi. Chagua iliyotulia hatua moja zaidi, paka kipande cha mita moja, kitazame asubuhi na alasiri kabla ya kununua debe zima.

Menyu ya WhatsApp husomwa juani, ndani ya daladala, kwenye kioo chenye ufa na mwanga umepunguzwa kuokoa chaji. Hapo ile 4.5 ni chini kabisa. Mimi natafuta 7.

Kwa wanaopenda kuona kwa pamoja:

| | Gurudumu | Khanga | Jenereta |
|---|---|---|---|
| Muda | saa moja ukilizoea | nusu siku | dakika chache |
| Inakupa kiasi cha kila rangi? | hapana | ndiyo | hapana |
| Inapima mwanga? | hapana | aliyeichora alishapima kwa jicho | ndiyo, ukikumbuka |
| Inajua mtaa? | hapana | ndiyo | hapana |
| Gharama | karatasi | maelezo kwa mama | bando |

Sasa ukiniuliza. Kama unajifunza, anza na gurudumu miezi miwili mitatu, hata kama utaliacha, kwa sababu asiyelijua akikwama na jenereta anabonyeza tu kama anacheza bahati nasibu. Biashara ya chakula, nguo, harusi, au chochote kinachouzwa kwa mtu wa hapa hapa, nenda na khanga. Tangazo la siku moja, tamasha, kikao, flaya itakayotupwa kesho kutwa, jenereta inatosha na nusu siku yako ihifadhi. Nembo mpya nisingeipa jenereta hata kwa dawa. Rangi tano zilizoshuka kwako zinaweza kumshukia na mwenzako wa Arusha, na nembo ni kitu mtu anakaa nacho miaka.

Njia yoyote utakayoshika, kabla ya kuprinti piga picha ya skrini, uitoe rangi kwenye simu ibaki nyeusi na nyeupe. Kisha isogeze mbali, fumba macho nusu, usome. Kama ningelifanya hivyo na lile la kwanza ningeona kijivu juu ya kijivu, na shangazi asingelazimika kuvuka barabara.

Tulichapa ya khanga. Uwanja wa maziwa, ukanda wa damu ya mzee pande zote kama pindo, VISHETI – KAIMATI – ODA ZA SHUGHULI kwa damu ya mzee katikati, na namba ya simu kwa manjano ndani ya ukanda wa chini, pale panapokaa jina. Stika tukaigeuza: uwanja mzito, maandishi mepesi, kwa kuwa ndoo zenyewe ni nyeupe.

Limeshamaliza mwaka na nusu juu ya mlango. Manjano imepauka hadi inakaribia rangi ya maziwa, na damu ya mzee imekuwa kahawia ya chai ya rangi. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kibarazani kwa shangazi nikisubiri kahawa. Bajaji ikasimama ng'ambo, abiria akawa anamwuliza dereva pale wanauza nini. Dereva hakushuka. Alimsomea palepale kwenye usukani, mstari wote, na namba ya simu akaimalizia kwa sauti. Shangazi akanimiminia kahawa, hakusema kitu.